Breki ya Viatu vya Barafu Iko Wapi?

Kwa mtu wa Bura, kaunti ya Tana River nchini Kenya, mfereji ni maji ya Mto Tana yanayopelekwa shambani kunywesha mahindi. Hapa Ottawa ninakoishi, mfereji wa Rideau, uliofunguliwa mwaka 1832, hugeuka barabara majira ya baridi: kilomita 7.8 za barafu katikati ya mji. Asubuhi utawaona watu wakielekea kazini, mkoba mgongoni, kisu cha chuma chini ya kila mguu. Barafu hukaguliwa kwanza, na hakuna ruhusa ya kuikanyaga mpaka unene wake ufike kama sentimita 30. Msimu wa 2022–23 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu utaratibu huu uanze mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ndugu wanaofika huku kutoka Tana River huvutiwa, hukodi viatu, na baada ya muda mfupi huuliza wakiwa wamekumbatia ukuta: breki iko wapi? Wana haki ya kuuliza. Viatu vya magurudumu, vile ambavyo vijana wa Nairobi huvipitisha hata kati ya magari, mara nyingi huwa na kipande cha mpira mbele au nyuma. Ukikigandamiza chini, mwendo unapungua. Viatu vya barafu havina kitu cha namna hiyo.

Kipindue kiatu uone. Kile kisu kina upana wa milimita 3 au 4 tu, na upande wake wa chini si bapa. Una mfuo uliochimbwa na jiwe la kunolea kutoka kisigino hadi vidoleni, na mfuo huo unaacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Kisu kikielekea mbele kinateleza karibu bila kizuizi. Kikigeuzwa kikavuka njia unayokwenda, makali yanaikwangua barafu. Kukwangua huko ndiyo breki, na hakuna nyingine.

Wengi tulifundishwa kwamba uzito wa mtu huiyeyusha barafu chini ya kisu. Maelezo hayo hayatoshi, maana mgandamizo wa mtu hushusha kiwango cha kuyeyuka kidogo tu, na watu wanateleza hata baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Michael Faraday alishapendekeza mwaka 1850 kwamba uso wa barafu una utando mwembamba wa majimaji hata bila kugandamizwa. Ongeza joto la msuguano, ndipo unapata utelezi wote.

Historia nayo inasaidia kuelewa. Watu wa Ulaya ya kaskazini walianza, maelfu ya miaka iliyopita, kwa kufunga mifupa ya farasi na ng'ombe chini ya miguu. Mfupa hauna makali, kwa hiyo mtelezaji alijisukuma kwa fimbo yenye ncha. Chuma chenye makali kilipoingia katika Enzi za Kati, sifa ikiwaendea zaidi Waholanzi, fimbo ikawa haina kazi, kwa sababu sasa mguu wenyewe ungeweza kuisukuma barafu. Makali yanayokupa mwendo ndiyo hayo hayo yanayokusimamisha, na ndiyo maana naona ni makosa kumfundisha mtu kwenda wiki nzima, halafu kusimama baadaye.

Anzia ukutani. Shika ukuta, simama wima, kisha sukuma mguu mmoja ubavuni huku umeulaza kidogo tu, mpaka unga mweupe utoke chini ya kisu. Unga usipotoka, hujakwangua. Ukilaza kisu mno kinauma barafu na kung'ang'ania, nawe unarushwa. Rudia mpaka mguu ujue kipimo, kwa sababu hakuna mwalimu anayeweza kukueleza kipimo hicho kwa maneno.

Baada ya hapo ondoka ukutani, tena polepole. Miguu ipanuke kama mabega, magoti yakunjwe kuliko unavyoona inatosha, macho yatazame mbele. Elekeza vidole ndani, sukuma visigino nje, makali ya ndani yakwangue pande zote mbili. Ule mtindo wa wachezaji wa hoki, wa kugeuza miguu yote miwili kwa mkupuo na kurusha theluji, ni kanuni hiyo hiyo kwa kasi kubwa. Usubiri.

Kosa letu tuliokulia Bura linatokana na matope. Njia ikiteleza baada ya mvua, mguu mtupu hukita vidole chini, na mtu husimama. Viatu vya densi ya barafu vina meno mbele, na mgeni akiyaona tu anayakita. Mguu unakwama, mwili unaendelea, uso unafika chini kwanza. Meno hayo ni ya kurukia na kuzungukia. Ukiona huna budi kuanguka, chuchumaa uangukie paja, mikono ikiwa imefumbwa ngumi.

Kenya ina watu walioyajifunza haya kwa taabu kuliko sisi. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya hoki ya Kenya Ice Lions, wengi wao wakitokea kwenye viatu vya magurudumu. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60. Wa Panari ni mdogo, na asiyejua kusimama pale hukutana na ukuta mapema. Nyumbani hawakuwa na timu ya kushindana nayo, mpaka mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons ilipowaleta Kanada wakacheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Wewe unayekodi viatu Jumamosi hii, pitisha ukucha taratibu juu ya makali kabla ya kuvivaa. Yakiukwangua kidogo, chukua. Ukiteleza tu, rudisha uombe vingine, kwani kisu butu hakisimami hata kwa bingwa. Na mtoto avae helmeti.