Mashua si sebule: Rekebisha viti bila kuhatarisha abiria

Umeshuka basi Kilifi Ijumaa usiku, na Jumamosi jioni mko watu sita ndani ya mashua mkisubiri jua lizame. Dakika kumi za kwanza ni picha na vicheko. Zikifika ishirini, unaanza kugeukageuka. Ubao unakuumiza makalio, ukingo wa chombo unakuchoma katikati ya mgongo na miguu hujui uiweke wapi. Kabla ya nusu saa kuisha, unauliza: "Kwani tunarudi saa ngapi?"

Swali hilo lilimkosesha binamu yangu usingizi. Yeye na wenzake wawili walirithi mashua ya futi 20 kutoka kwa mjomba aliyekuwa mvuvi. Wavuvi hukaa popote: juu ya nyavu, ukingoni, kwenye gunia la mchanga. Mgeni wa wikendi hawezi hayo, na akiumwa na mgongo harudi wala haleti marafiki. Kwa vijana watatu wanaotegemea nauli hiyo, hilo si jambo dogo.

Basi wakamwendea seremala mmoja wa mjini, jamaa anayetengeneza makochi poa sana. Akawajengea viti vya sanduku pande zote mbili, akavifunika kwa plaiwudi na kuweka godoro nene la sponji juu. Picha zilitoka si mchezo.

Mimi nilikuwemo katika safari ya tatu. Upepo wa kusi ulikuwa umechangamka. Mashua ikalalia upande kuliko kawaida, wimbi likaruka ndani, kisha la pili. Nahodha akachukua kopo akumbe maji, kumbe yote yameingia chini ya masanduku, mahali mkono haufiki. Tukashusha tanga na kung'oa plaiwudi kwa panga katikati ya maji, huku dada mmoja akilia kwa sauti. Tulirudi salama, lakini hakuna aliyetaka picha tena.

Piga hesabu mwenyewe. Watu sita wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 420, karibu magunia matano ya mahindi. Ukiwainua sentimita 20 ili wakae kama wako kwenye kochi, umepandisha mzigo huo wote, na chombo kitainama kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mabaharia hulaza mifuko ya mchanga chini kabisa. Ongeza sponji iliyolowa, ambayo hunywa maji kama mandazi kwenye chai, na uzito unazidi.

Safari hii binamu alimfuata fundi mzee wa mashua. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alichungulia ndani na kuuliza: "Mwanangu, maji utayakumbia wapi?" Hakugusa msumeno siku hiyo. Aliwaambia wasubiri maji yapwe.

Hapa ndipo penye ujanja ambao ningependa uushike kama una chombo au unapanga kununua. Maji yakipwa, mashua hukaa mchangani ikiwa imeegemea upande mmoja, karibu vile inavyoegemea ikiwa na tanga. Ingia ndani na makatoni, vipande vya mbao na mto wa nyumbani. Panga kiti cha majaribio, ukikalie kwa nusu saa nzima. Kaa upande wa juu, kisha uhamie wa chini. Mwite rafiki mfupi na mwingine mrefu. Utagundua haraka kwamba kinachochosha zaidi ni kukosa pa kukanyaga, kwa sababu mwili mzima unajizuia usiteleze.

Kwa hiyo walianza na miguu: vipande vyembamba vya mbao vilivyofungwa sakafuni, vya kukanyagia. Viti vipya viko sentimita 30 tu kutoka sakafuni, chini kuliko kiti cha mezani, na upana wake ni kama 40. Vimetengenezwa kwa vipande vya mbao vyenye nafasi ya kidole katikati, maji yapite. Kila kiti kinachomoka bila kutumia chombo chochote, ili anayekumba maji afike chini mara moja. Pembe zote zimepigwa msasa zikawa mviringo. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi haina huruma na za kawaida.

Mgongo nao ulitibiwa kwa bei rahisi. Kipande cha turubai nzito kimefungwa kwa kamba juu ya ule ukingo unaochoma, kikalegezwa kidogo ili mtu aegemee nyuma. Ukitaka kuhama upande mashua inapogeuka, hakikuzuii.

Mito? Tafuta ile fomu ngumu isiyonyonya maji, kama ya mikeka ya kupigia kambi. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Omba kipande, kizamishe kwenye ndoo usiku kucha kwa jiwe, asubuhi ukikamue. Kikitoa maji, achana nacho. Tena usimruhusu abiria aseme mto huo ndio jaketi lake la kujiokolea. Jaketi livaliwe, mto ukaliwe.

Kabla ya kupigilia chochote, hakikisha mkono wa usukani unazunguka bila kugonga goti la mtu, na kamba ya tanga ina njia yake. Na kama unabeba watu kwa nauli, mwonyeshe mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari (KMA) mabadiliko hayo mapema.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alilala fofofo hadi tukamwamsha kwenye gati. Nahodha mwenyewe bado anakalia gunia lake la mchanga kule tezi. Mto amepewa, ameukataa.