Darubini ya bunduki ikipotoka, anza na skrubu kabla ya kifundo

Kabuku, wilayani Handeni, iko kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Ukiacha lami na kuingia ndani, barabara za vumbi zinapita kati ya mashamba ya mkonge, mahindi na malisho mpaka kwenye mapori. Askari wa wanyamapori au mwindaji mwenye leseni akisafiri huko na raifo yenye darubini, mtikisiko wa gari unaweza kulegeza skrubu ndogo inayoishikilia darubini hiyo. Yeye hatajua mpaka risasi ipite pembeni au, vibaya zaidi, imjeruhi mnyama bila kumuua.

Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na anayekutana naye kesho yake huenda akawa mchunga ng'ombe au mama anayeokota kuni. Risasi iliyokosa nayo haiishii pale: ya raifo ya kawaida ya kuwindia inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Ndiyo maana katika makala hii tunaeleza kwa nini darubini hupoteza shabaha na namna ya kutafuta chanzo chake.

Tunazungumza na wanaomiliki silaha kihalali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye bunduki awe na leseni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali.

Kosa linalofanyika mara nyingi

Risasi zikigonga chini ya alama, wengi hushika kifundo kilicho juu ya darubini na kuanza kukizungusha. Hicho ndicho kifundo cha kupandisha na kushusha shabaha, na kazi yake ni kurekebisha tofauti ndogo. Kama darubini yenyewe inacheza, kifundo hakitibu kitu. Leo utapata shabaha, kesho itakuwa imehama tena, nawe umemaliza risasi bure.

Kwa hiyo ukaguzi uende kutoka chini kwenda juu: kwanza kitako na mtutu, kisha kikalio cha darubini, kisha ringi, na mwisho darubini yenyewe.

Ukaguzi hatua kwa hatua

Kabla ya yote, toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu kwa kuangalia na kwa kugusa, kisha ondoa bolti.

Kwanza, kagua skrubu zinazofunga mtutu kwenye kitako. Kitako cha mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kikisukuma mtutu, risasi huhama hata kama darubini haina tatizo.

Pili, shika darubini kwa mkono na ujaribu kuitikisa. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Ikicheza, fungua ringi na ukague kikalio kilicho chini yake. Safisha mafuta kwenye matundu ya skrubu kwa spiriti, kisha kaza upya kwa zamu, kidogo kidogo, ili pande zote zibane sawa. Usikaze kwa nguvu zako zote. Skrubu nyingi za ringi huhitaji takriban nyutonimita 2 tu. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Ukizidisha, bomba la darubini hubonyea na vioo vya ndani hushindwa kusogea.

Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye ringi. Baada ya safari, mstari ukiwa umekatika, skrubu imezunguka. Huhitaji kupiga risasi hata moja ili kujua hilo.

Tatu, angalia umbali wa jicho. Darubini nyingi za kuwindia huhitaji sentimita 8 hadi 10 kati ya jicho na kioo. Ikikaa karibu mno, bunduki kubwa ikirudi nyuma itakupasua nyusi.

Kifundo kinapofika mwisho

Kuna wakati kifundo kinazungushwa mpaka kinagoma, na risasi bado zinagonga chini. Hapo mara nyingi ringi mbili hazilingani kwa kimo, au kikalio cha mbele na cha nyuma vimebadilishana nafasi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua ringi zilizoachana sentimita 10. Moja ikipanda kwa milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya daftari, risasi huhama sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100. Ringi ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma, risasi hugonga chini. Ya nyuma ikiwa juu, risasi hugonga juu. Kazi hapa ni kubadilisha ringi au kikalio, na ipelekwe kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Kifundo kirudishwe katikati: kizungushe taratibu toka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu milio, kisha rudi nusu yake.

Kusoma milio ya kifundo

Baada ya kila kitu kubana, sasa rekebisha. Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma yake. Shamba la mkonge si uwanja: majani hayazuii risasi, na wakata mkonge huwa kazini. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga na upige risasi 3 za aina ile ile utakayotumia. Pima kutoka katikati ya matundu hayo matatu. Risasi moja haitoshi kukuambia ukweli.

Katika darubini nyingi, kila mlio husogeza shabaha takriban milimita 7 kwenye mita 100. Ukigonga sentimita 14 chini, ongeza milio 20 kuelekea juu. Lakini kwenye mita 50 mlio huo huo ni nusu, milimita 3.5 tu, hivyo sentimita 14 zitahitaji milio 40. Darubini nyingine husogea sentimita 1 kwa mlio kwenye mita 100, kwa hiyo soma kwanza kilichoandikwa kwenye kifundo.

Ukishuku darubini yenyewe, lenga alama ile ile na upige risasi moja moja huku ukisogeza milio 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Matundu yachore mraba, na risasi ya mwisho irudi ilipoanzia. Isiporudi, na skrubu zote zimebana, basi ubovu uko ndani ya darubini. Usiende nayo porini.

Na kwa msikilizaji asiye na silaha: tembo au nyati akiingia shambani, usimfukuze. Toa taarifa serikali ya kijiji au kwa afisa wanyamapori, na uwape nafasi ya kufanya kazi yao.