Antigua iliishinda Marekani kesi ya kamari, mbona haijalipwa?

Hebu fikiria umempeleka jirani tajiri mahakamani. Umeshinda. Amekata rufaa, ukashinda tena. Majaji wameandika hadi kiasi cha hasara aliyokutia. Miaka inapita, mkononi huna hata ndururu, na kila ukimkumbusha anakuangalia kama mtu asiyekujua.

Hayo ndiyo yaliyoikuta Antigua na Barbuda, nchi ya visiwa vya Karibea yenye watu takriban 100,000. Ukiwahamishia wote Embakasi, huenda hata hungejua wamefika. Jirani tajiri ni Marekani, na kesi yenyewe ilikuwa ya kamari ya mtandaoni. Kama unabeti kwa simu, au una rafiki anayebeti (na usiniambie huna), kisa hiki kinakuhusu kuliko unavyodhani.

Miaka ya 1990, Antigua ilikuwa ikitegemea sana watalii. Ikatafuta njia nyingine ya kuingiza pesa, ikaanza kutoa leseni kwa kampuni za kamari za intaneti. Wateja wengi walikuwa Wamarekani. Kwa maelezo ambayo Antigua ilitoa kwenye kesi, kufikia 1999 kulikuwa na kampuni hadi 119 zenye leseni, na zilikuwa zimeajiri watu kama 3,000. Kwa nchi ndogo hivyo, hizo ni kazi nyingi sana.

Marekani haikufurahia. Ikatumia sheria yake ya 1961 inayokataza kupokea beti kwa njia ya waya, iliyotungwa zama za simu za mezani, kuwaandama wenye kampuni hizo. Jay Cohen, Mmarekani aliyekuwa akiendesha kampuni ya World Sports Exchange kutoka Antigua, alirudi kwao kupambana na mashtaka. Mwaka wa 2000 akapatikana na hatia na kuhukumiwa miezi 21. Kifungo chenyewe alikitumikia karibu na Las Vegas, mji unaoishi kwa kamari halali. Soma tena hapo.

Mnamo 2003 Antigua ikaenda kwa Shirika la Biashara Duniani, WTO. Marekani ilijitetea kwa hoja mbili.

Hoja ya kwanza: hatukuwahi kuahidi kufungua soko letu la kamari. Shida ni kwamba katika orodha ya huduma ambazo Marekani yenyewe ilikubali kuzifungua, iliandika "huduma nyingine za burudani, isipokuwa michezo". Ikadai kamari imo ndani ya neno michezo. Majaji wakakataa. Kamari ni burudani, na ahadi ni ahadi. Mstari mmoja tu kwenye makaratasi ukaiponza nchi tajiri kuliko zote duniani.

Hoja ya pili ilikuwa maadili. Kanuni za WTO zinairuhusu nchi kufunga mlango ikiwa ni lazima kulinda maadili ya umma. Marekani ikasema kamari ya mtandaoni inawanasa watoto, inaleta uraibu na inasaidia kutakatisha pesa chafu. Unajua nini? Aprili 2005, majaji wa rufaa walikubali kwamba lengo hilo ni halali. Wangeweza kuishia hapo, na Antigua ingerudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini walitazama pia sheria ya 1978 kuhusu mbio za farasi. Hiyo ilionekana kuziruhusu kampuni za Marekani kupokea beti za farasi kutoka jimbo moja hadi jingine, hata kwa simu au intaneti. Yaani mgeni amefungiwa mlango kwa jina la maadili, huku mwenyeji ameachiwa dirisha wazi. Marekani ilishindwa kuonyesha kwamba inawapima wote kwa kipimo kimoja. Hapo ndipo ilipoanguka.

Ungetarajia aliyeshindwa afunge dirisha au afungue mlango. Marekani haikufanya lolote kati ya hayo. Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya kuzuia malipo kwenda kwa kampuni za kamari haramu za mtandaoni, iliyobandikwa ndani ya sheria ya usalama wa bandari. Mwaka uliofuata, Marekani ikatangaza kwamba inaifuta ahadi yake ya kamari katika orodha ile. Umoja wa Ulaya, Canada na Japan zikakubali kufidiwa kwa ahadi katika huduma nyingine. Antigua haikuafikiana nayo.

Desemba 2007, wasuluhishi wakapiga hesabu ya hasara. Antigua ilidai dola bilioni 3.4 kwa mwaka. Marekani ilisema ni dola 500,000 tu. Wakaamua dola milioni 21 kwa mwaka.

Sasa, WTO haina polisi wala madalali wa kupiga mnada mali yako. Inachoweza ni kumpa mshindi ruhusa ya kulipiza kisasi, kwa kawaida kwa kutoza ushuru bidhaa za aliyeshindwa. Antigua ikiongeza ushuru kwa chakula na mashine kutoka Marekani, anayeumia ni mwananchi wake dukani. Kwa hivyo ikapewa silaha ya ajabu: kusimamisha ulinzi wa hakimiliki za Marekani hadi thamani ya dola milioni 21 kila mwaka. Filamu, muziki, programu za kompyuta.

Januari 2013 WTO iliidhinisha rasmi. Marekani ikaja juu na kusema huo utakuwa wizi ulioruhusiwa na serikali. Antigua haijawahi kuitumia silaha hiyo. Watalii wake wengi hutoka Marekani, na nani anataka kumchokoza mteja wake mkubwa?

Nasi Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo. Mwaka wa 2016 nchi zetu zilipanga kuachana na mitumba polepole. Marekani ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo.

Mwaka huohuo wa 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu kila jimbo kujiamulia kuhusu kubeti michezo. Leo majimbo mengi yanatoa leseni na kukusanya kodi, na watu wanabeti kwa simu. Maadili yale yaliyotetewa Geneva yalipata bei. Na ile mahakama ya rufaa ya WTO imekwama tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wapya. Nchi ndogo ikishinda leo, aliyeshindwa anaweza kukata rufaa mahali pasipo na jaji, na kesi ikalala hapo.

Sikuambii kubeti ni kuzuri. Mechi moja ikichoma beti yako ya kodi ya nyumba, WTO haitakusaidia, na madhara ya kamari ambayo Marekani iliyataja ni ya kweli. Lakini siasa za kamari haziishi, hata hapa kwetu ambapo kodi zake zimepandishwa na kushushwa mara kadhaa. Kila mara utasikia kwamba ni kwa ajili ya kuwalinda vijana. Huenda ni kweli. Wewe fanya walivyofanya majaji wale: usibishane na lengo, tafuta dirisha. Nani amekatazwa, nani ameruhusiwa kuendelea, na kodi ya anayeendelea inaingia mfuko gani?