Karanga za Mtoto Zichaguliwe Kabla ya Kusagwa

Ukipita asubuhi kwenye mashine za kusaga hapa Levolosi hukosi kumwona mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa "lishe" mkononi. Ndani mna mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, na siku hizi ufuta na mbegu za maboga. Vyote humiminwa pamoja, mashine hunguruma, na baada ya dakika chache mama huondoka na unga unaonukia vizuri. Juzi nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa namna hiyo. Nilimwuliza kama karanga zake alizichagua kwanza. Alicheka, akasema, "Kaka, si zinasagwa?"

Jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Mbegu zenyewe sina ugomvi nazo. Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi wa mahindi matupu humjaza maji tu. Kijiko cha karanga au ufuta uliosagwa huongeza mafuta na protini katika kikombe kile kile. Katika nchi ambayo mwaka 2022 watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikutwa wamedumaa, kijiko hicho si kitu cha kudharau.

Wapo wanaoogopa mzio. Zamani hata wataalamu wa Ulaya walishauri karanga zicheleweshwe. Lakini mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio huo. Waliolishwa karanga tangu uchanga walipungukiwa na mzio kwa kiasi cha asilimia 80 kuliko walionyimwa. Watoto wale, hata hivyo, walipimwa kwanza. Kwa hiyo mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyewahi kuvimba baada ya kula yai, aonwe na daktari kabla ya kuonjeshwa.

Kwa wengine, kanuni ni mbegu moja kwa wakati wake. Nusu kijiko cha chai cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, ndani ya uji, mchana ambapo mama yupo na anaona. Aghalabu mzio hujitokeza ndani ya saa 2: vipele, midomo kuvimba, kutapika. Akihema kwa shida, kimbia hospitali. Akiwa salama, endelea siku mbili tatu, kisha jaribu ufuta. Hapo ndipo mfuko wa vitu vinane unapotuponza, maana mtoto akitoka vipele, utamshuku nani? Isitoshe, nafaka nne katika mfuko mmoja ni wanga ule ule kwa majina manne. Na soya isipochemshwa au kukaangwa vyema kabla ya kusagwa, humsumbua mtoto tumboni.

Sasa turudi kwa yule mama wa foleni. Karanga nyingi tunazokula Arusha huletwa kwa malori kutoka mikoa mikavu. Ukame shambani, na unyevu ghalani, humpa nafasi kuvu anayetoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, na 20 kati yao walikufa. Kule mkosaji mkubwa alikuwa mahindi, lakini kuvu huyo huyo hupenda karanga. Kwa wenzetu wa Kenya, mwaka 2004, walikufa watu 125. Sumu kidogo kidogo haiui mara moja. Hudhuru ini mwaka hadi mwaka, na mtoto mdogo anayekunywa uji ule ule kila siku huipata zaidi kwa kilo ya mwili wake.

Kuchemsha uji hakuiondoi sumu hii. Mashine nayo haiiondoi, bali huificha, na muuzaji asiye na haya analijua hilo: karanga zilizokunjamana huwa bei chini, na huitwa "za kusaga". Dawa iko kwenye ungo. Zikaange kidogo, zipukuse maganda, uzitazame moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu, itupe. Wala usimpe kuku. Saga za wiki moja tu, maana mafuta yake huharibika upesi.

Neno moja kuhusu karanga nzima. Sherehe moja mtaani kwetu ilivunjika kwa sababu ya karanga moja aliyopewa mtoto wa miezi 11 na shangazi yake kwa mapenzi mema. Karanga nzima si ya mtoto aliye chini ya miaka 5. Ikimkaba aliye chini ya mwaka, usitie kidole gizani. Mlaze kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega. Isipotoka, mgeuze umbonyeze kifua mara 5, urudie huku mkienda hospitali. Na akikohoa kisha akatulia, bado mpelekeni, hasa akibaki anakoroma kifuani. Yule wa mtaani kwetu alitulia usiku ule. Karanga ilitolewa kwenye njia ya hewa siku nne baadaye.