Spini Kubwa na Spini Ndogo: Istilahi za Kueleza Vimeng'enya vya Ini

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali ya spini inavyochunguzwa katika vimeng'enya vya ini vya jamii ya saitokromu P450, na kupendekeza istilahi za kuielezea. Suala hili si la maabara pekee. Katika Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, au KCMC mjini Moshi, mwanamke anayetumia rifampisini hana budi kuelezwa kwamba vidonge vya kuzuia mimba huenda visimkinge. Dawa ya fangasi iitwayo ketokonazoli huleta kinyume chake: dawa nyingine huzidi katika damu. Kwa nini?

Vimeng'enya hivi hubadili vitu vigeni mwilini, kuanzia dawa hadi kafeini ya kahawa ya Wachaga, ili viweze kutoka. (Jina kimeng'enya lina walakini hapa, kwani kazi yao kubwa ni kupachika atomu ya oksijeni, wala si kumeng'enya.) Kiini cha kila kimoja ni atomu ya chuma iliyoshikwa na nitrojeni nne pamoja na salfa. Nafasi ya sita kwa kawaida hukaliwa na molekuli ya maji.

Chuma hicho kina elektroni tano za nje. Maji yakiwapo, nne hukaa mbilimbili na moja hubaki pweke, hivyo jumla ya spini ni 1/2. Dawa ikiingia na kuyaondoa maji, zote tano huwa pweke na jumla hupanda kufikia 5/2. Badiliko hili huonekana kwa mwanga: kilele cha ufyonzaji huhama kutoka nanomita 418 hivi hadi 390 hivi. Muhimu zaidi, chuma huwa chepesi kupokea elektroni, nayo ndiyo hatua inayoanzisha kazi. Hata hivyo kanuni hii haishiki kote. CYP1A2 ya sungura huwa na spini ya 5/2 hata kabla ya kupewa chochote.

Ketokonazoli haifanyi hivyo. Nitrojeni yake hukamata chuma chenyewe, elektroni hubaki mbilimbili, na kilele husogea upande wa pili, kupita nanomita 420. Kimeng'enya kimezibwa. Rifampisini nayo hutenda kwa njia nyingine kabisa: huamsha jeni, na ini hutengeneza CYP3A4 nyingi zaidi, ambayo huondoa homoni za vidonge haraka. Kwa hiyo spini hutuonyesha uzibaji, lakini ongezeko la vimeng'enya hupimwa kwa wingi wake. Mwalimu asemaye tu kwamba dawa "zinagongana" huyafunika matukio haya mawili kwa neno moja.

Sasa tuje kwenye istilahi. Wapo wanaoweza kuita spini "mzunguko". Neno hilo halifai, kwa sababu tayari limebeba mzunguko wa damu na mwendo wa elektroni kuizunguka kiini, ilhali spini ni sifa ya ndani ya elektroni yenyewe. Kutohoa ni salama zaidi.

Ugumu mkubwa uko kwenye vivumishi. Tukisema "spini ya juu" na "spini ya chini", tutagongana na mwelekeo wa elektroni mojamoja, ambao nao huelezwa kwa juu na chini. Mwanafunzi akisoma kwamba chuma cha spini ya juu kina elektroni tano za spini ya juu, hataweza kujua lipi ni jumla na lipi ni mwelekeo. Tunapendekeza basi *spini kubwa* kwa 5/2 na *spini ndogo* kwa 1/2, na juu na chini viachiwe mwelekeo. Kwa istilahi hizo, sentensi ya mwanafunzi husomeka hivi: ketokonazoli hukiweka chuma katika spini ndogo, na dawa inayobadilishwa hukipeleka kwenye spini kubwa.