Joto la Nyali na siri ya poda nyepesi

AKINA dada wanaoishi Nyali na maeneo jirani ya Mombasa wanaifahamu vyema adha ya kujipodoa majira ya kaskazi. Kati ya Desemba na Machi joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi takriban kila siku, ilhali hewa ya bahari imejaa unyevu na jasho halikauki upesi. Uso uliopambwa nyumbani huanza kung'aa kama uliopakwa mafuta hata kabla matatu haijavuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani.

Wengi hujaribu kulikomesha jasho hilo kwa kuongeza poda, na hapo ndipo mkono huuponza uso. Poda ya vumbi, ile iuzwayo katika kikopo bila kugandamizwa, haizuii jasho. Kazi yake ni kufyonza mafuta ya ngozi na kuituliza krimu iliyopakwa chini yake. Aghalabu hutengenezwa kwa talki, silika au wanga wa mahindi, na punje zake zikikutana na maji mengi hushikana zikawa mabonge. Ndiyo sababu poda inayowekwa juu ya jasho huacha michirizi.

Yafaa basi uso ukaushwe kwanza kwa karatasi ya shashi, inayokandamizwa pole pole bila kusugua. Baadaye poda kidogo imiminwe kwenye kifuniko cha kikopo, brashi pana yenye manyoya laini iguse vumbi hilo kwa ncha tu, kisha ikung'utwe ukingoni hadi ziada ianguke. Brashi ianzie paji la uso, pua na kidevu, sehemu zenye tezi nyingi za mafuta, nayo mashavu yapate masalio. Chini ya macho pahitaji uangalifu zaidi kwani poda nyingi huingia katika mikunjo ya ngozi na kumzeesha banati wa miaka 25.

Bibi harusi ana hatari nyingine. Poda nyeupe isemwayo kuwa haina rangi, hasa yenye silika nyingi, yaweza kuonekana sawa kwenye kioo lakini ikaurudisha mwanga wa kamera, na picha za harusi zikatoka na paji jeupe kama lililomwagiwa unga. Hizo ndizo picha zitakazokaa ukutani miaka na miaka! Inatosha kupigwa picha moja ya majaribio kwa simu, taa yake ikiwa imewashwa, kabla ya kutoka chumbani. Mwenye ngozi nyeusi huepuka pia sura ya kijivujivu akichagua poda inayokaribiana na rangi yake. Zamani uteuzi ulikuwa finyu; kampuni ya Fenty Beauty ilipoanza mwaka wa 2017 na rangi 40 za krimu ya msingi, nyingine zililazimika kupanua zao.

Si kwamba wanawake wa Pwani walikuwa wakisubiri vikopo kutoka ng'ambo. Liwa, msandali unaosagwa na kuchanganywa na marashi ya mawaridi, umewalainisha maharusi kwa vizazi vingi. Tofauti ni kwamba liwa hupakwa kwa wingi kisha huoshwa, ilhali poda hubaki usoni, na vumbi lake huvutwa puani.

Hilo la mwisho si dogo. Talki huchimbwa ardhini na yaweza kupatikana pamoja na asbestosi. Mnamo Julai 2024, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa imeacha kuuza poda ya watoto yenye talki kote duniani mwaka wa 2023, ikabakia na ya wanga wa mahindi. Mnunuzi mwenye shaka asome orodha ya viungo kwenye kikopo. Atakayeendelea kutumia talki asiikung'ute mbele ya feni, wala karibu na mtoto mchanga.