Je, Wajua? Kioo Cheusi Hufuta Mawimbi

Je, wajua kwamba mpigapicha anaweza kuyafuta mawimbi ya Ziwa Basotu, wilayani Hanang, adhuhuri jua likiwaka? Huvisha lenzi filta nyeusi inayopitisha takribani sehemu 1 tu ya mwanga katika 1,000. Picha ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde sasa huhitaji zaidi ya sekunde 30.

Muda wote huo maji hupanda, hushuka na kuvunjika ufukweni. Kamera huyajumlisha yote. Mawe hubaki makali. Maji hulainika kama ukungu. Mtumbwi unaotikisika hutoka umefifia kingo, na mvuvi anayepita bila kusimama huenda asionekane kabisa!

Watu kutoweka pichani ni jambo la kale. Mwaka 1838, Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, iliyochukua dakika kadhaa. Watu na magari ya farasi walikuwa wakipita, lakini barabara ilitoka karibu tupu. Aliyeonekana wazi ni mtu aliyesimama akisafishiwa viatu.

Kujaribu mbinu hii ya filta, si lazima uende baharini. Ziwa Tlawi la Mbulu linafaa, na hata Balang'ida, chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Tumia stendi imara ya miguu mitatu. Weka fokasi kabla ya kuvisha filta.

Ila usilitazame jua kupitia filta hiyo. Weusi wake hautoshi kuyalinda macho yako.